Data Huria ya Usafiri na Amana ya Anayeisajili

Kusajili data ya usafiri katika katalogi ya umma ni kuandika rekodi fupi inayoeleza data hiyo inahusu nini na eneo gani, nani ameitoa na lini, imo katika faili za aina gani, na mtumiaji anaruhusiwa kuifanyia nini. Faili zenyewe huweza kubaki kwenye seva ya manispaa, ya kampuni ya mabasi au ya chuo kikuu. Katalogi hutunza maelezo na anwani. Kwa macho ya karani hii ni kazi ya kujaza fomu. Kwa macho ya fakihi au mwanafalsafa ni tendo la kuwapa kitu watu usiowajua, na hapo huzuka maswali: kilichotolewa ni kipi hasa, kilikuwa mali ya nani kabla ya kutolewa, na aliyekitoa anabaki akidaiwa nini. Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote, na ndilo linalosahauliwa na wengi wanaosajili.

Muundo unaotumika zaidi kwa mabasi na treni ni GTFS. Ulianza mwaka 2005 mjini Portland, Marekani, kwa ushirikiano wa shirika la usafiri la TriMet na kampuni ya Google. Ni furushi la faili za maandishi ya kawaida: moja ya vituo, moja ya njia, moja ya safari, moja ya saa za kufika na kuondoka, na nyinginezo. Katika faili ya vituo kila mstari ni kituo kimoja chenye kitambulisho, jina, latitudo na longitudo. Basi linaloondoka saa tano na nusu usiku na kufika mwisho wa safari saa saba huandikwa limefika 25:00:00, kwa sababu mfumo hufuata siku ya kazi ya basi na kuiacha kando siku ya kalenda. Waandaaji programu wengi hushangazwa na saa hiyo ya ishirini na tano. Mswahili, ambaye saa saba ya usiku kwake ni ya usiku uleule ulioingia magharibi, hana haja ya kufafanuliwa.

Ratiba hubadilika kila msimu, pengine kila wiki. Vituo huhamishwa, njia hufutwa, nyingine huongezwa, na baada ya miaka michache huenda usibaki hata mstari mmoja wa faili ya mwanzo. Je, hiyo bado ni data ileile iliyosajiliwa? Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, aliwahi kusimulia habari za jahazi la shujaa Theseus, ambalo Waathene walilihifadhi kwa kung'oa ubao uliooza na kutia mpya, hadi wanafalsafa wakabishana kama limebaki jahazi lile. Kiwango cha DCAT cha kuandika katalogi za data, kilichopitishwa na shirika la viwango vya wavuti la W3C mwaka 2014 na kufuatwa na katalogi nyingi za serikali, hutatua ubishi huo kwa kutenganisha mkusanyiko wa data na faili inayopakuliwa. Faili inaweza kubadilishwa, kuhamishwa au kuongezewa muundo mwingine, na mkusanyiko ukahesabiwa uleule kwa kitambulisho chake.

Utatuzi huo una gharama, nayo haionekani haraka. Ikiwa yaliyomo yote yanaweza kubadilika na mkusanyiko ukabaki mmoja, basi umoja wake hautokani na yaliyomo. Unatokana na mtu au ofisi iliyokubali kuendelea kuyasimamia chini ya jina lilelile. Akiondoka msimamizi huyo bila kumkabidhi mwingine, kinachobaki ni faili ya siku fulani, hata kama rekodi bado inasomeka vizuri.

Kuhusu umiliki, mfano ulio wazi zaidi ni wa Nairobi. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya Columbia na MIT vya Marekani pamoja na kampuni ya ubunifu ya Groupshot, kilianza mradi wa Digital Matatus. Wanafunzi walipanda matatu, yaani mabasi madogo ya abiria, wakiwa na simu zenye GPS, wakarekodi gari linakopita, linaposimama, na jina ambalo abiria huiita steji, yaani mahali hapo pa kusimama. Steji nyingi hazina kibao. Jina hutokana na kituo cha mafuta, kanisa au soko lililo karibu, na anayelijua ni makanga na abiria wake. Mwaka 2014 data ya njia zaidi ya 130 ilitolewa bure, pamoja na ramani ya karatasi iliyochorwa kwa mtindo wa ramani za treni za chini ya ardhi. Mwaka uliofuata njia hizo zikaonekana katika Google Maps.

Data hiyo ilikuwa ya nani? Hakuna afisa aliyekaa akapanga mtandao wote wa matatu. Njia zilikua kwa miaka mingi, madereva wakijaribu barabara hii na ile, vyama vya ushirika vya wenye matatu vikikubaliana na kugombana, abiria wakiamua kwa miguu yao mahali gari linapofaa kusimama. Wanafunzi walitoa jasho, lakini walichokiandika kilikuwa tayari kinajulikana na maelfu ya watu. Mwanafalsafa John Locke, katika kitabu chake cha mwaka 1689 kuhusu serikali, aliona kwamba mtu hujipatia umiliki kwa kuchanganya kazi yake na kitu kisicho na mwenyewe, mradi awaachie wengine cha kutosha na kizuri vilevile. Kwa ardhi sharti hilo ni gumu. Kwa data linajitimiza, maana anayepakua nakala hampunguzii mwenzake chochote. Sheria nazo zimegawanyika. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1991, katika kesi ya Feist iliyohusu kitabu cha namba za simu, kwamba jasho la kukusanya taarifa peke yake halizai hakimiliki. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 1996, humpa aliyewekeza katika hifadhidata ulinzi wa miaka 15.

Kati ya misimamo hiyo miwili, wa Marekani unaelekea zaidi kwenye haki pale ambapo maarifa ni ya wengi. Aliyekusanya anamiliki kazi ya kukusanya tu. Njia yenyewe, jina la steji na desturi ya kusimama hapo si vyake kuviuza wala kuvizuia. Kwa hiyo leseni yenye masharti machache ndiyo inayomfaa, na sehemu ya rekodi inayotaja chanzo isiishie kwenye nembo za vyuo na wafadhili. Waendeshaji magari walioshirikiana na wakusanyaji wanastahili kutajwa.

Tukiacha umiliki, kuna suala la kuamini. Faili ya vituo ni ushahidi wa mtu ambaye msomaji hatamwona. Mwanafalsafa David Hume, mwaka 1748, alishikilia kwamba tunakubali maneno ya wengine kwa kadiri uzoefu ulivyotuonyesha kuwa huwa ya kweli. Mwanafalsafa mwenzake Thomas Reid alimjibu mwaka 1764 kwamba binadamu ameumbwa na mwelekeo wa kuamini, na bila huo mtoto asingejifunza chochote. Abiria aliyesimama kwenye giza na simu mkononi yuko upande wa Reid, apende asipende: hana muda wa kuchunguza. Uchunguzi wa aina ya Hume inabidi ufanywe mapema na wengine, na mahali pa kuufanyia ni rekodi ya katalogi. Wanachuoni wa hadithi za Mtume walilijua hilo zamani. Kwao matini haikutosha bila sanadi, yaani mlolongo wa waliopokeana maneno hayo, kila mmoja akijulikana uadilifu na kumbukumbu yake. Rekodi inayosema data ilikusanywa na nani, kwa chombo gani, kati ya tarehe ipi na ipi, na nani aliirekebisha baadaye, hufanya kazi ya sanadi.

Ukweli wenyewe una daraja. Matatu haina ratiba, huondoka ikijaa. Kuiandikia saa kamili ya kuondoka ni kusema uongo kwa lugha safi. GTFS inaruhusu kuandika badala yake kwamba gari hutoka kila baada ya muda fulani, mathalani sekunde 600, na kuna safu moja ndogo iitwayo exact_times ambayo ikiandikwa 0 inamjulisha msomaji kuwa hayo ni makadirio. Safu hiyo ni ya hiari. Anayeijaza kwa uaminifu amefanya jambo la kimaadili, ingawa hakuna atakayemshukuru. Faili ya maelezo ya mtoaji nayo ina nafasi ya tarehe ambayo data inakoma kutumika, na hapo napo wengi hupaacha wazi au huandika tarehe ya mbali ili programu isilalamike.

Kuhusu kile ambacho mtoaji anabaki akidaiwa, pwani ya Afrika Mashariki ina fikra iliyokomaa kuhusu kutoa kwa umma, nayo ni wakfu. Kwa fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na wengi pwani, kitu cha wakfu sharti kijulikane, kiwe mali ya anayekitoa, na manufaa yake yapatikane huku asili yake ikibaki. Chakula hakiwekwi wakfu kwa kuwa kutumiwa kwake ndiko kuisha kwake. Kitu cha wakfu kikishatolewa hakirudishwi, hakiuzwi wala hakirithiwi. Leseni huria zinafanana na hilo kwa kiasi kikubwa: CC BY, kwa mfano, haiwezi kubatilishwa kwa aliyekwisha kuipokea akafuata masharti yake. Lakini wakfu una kitu ambacho leseni haina. Kisima, msikiti au shamba la minazi huwa na msimamizi, na mapato yake hutumika kwanza kukarabati asili kabla ya kugawiwa wanufaika. Ndiyo maana Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana: ilionekana kwamba nia njema ya marehemu haitoshi kuezeka paa.

Data ni wakfu wa namna ya pekee, kwani haiishi kwa kutumiwa. Huisha kwa wakati kupita. Tena haizai mapato ya kujitunza. Miradi mingi ya kurekodi njia za usafiri katika miji ya Afrika hulipiwa na wafadhili kwa muda maalumu, data husajiliwa mwishoni kama uthibitisho kwamba kazi imefanyika, kisha bajeti hufungwa. Kutoa kwa namna hiyo kunakaribia kutelekeza. Ufaransa imelielekeza suala hili kwenye sheria: tovuti ya transport.data.gouv.fr ndiyo mahali pa kitaifa pa kupatia data ya usafiri panapotakiwa na kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2017/1926, nayo hukagua faili na kuonyesha zilizopitwa na wakati. Sheria inaweza kumlazimisha mtoaji kusajili na kusasisha. Hata pasipo sheria, deni lipo tangu siku mtu wa kwanza alipoitegemea data hiyo kupanga safari yake.

Uwazi una mpaka wake pia. Mwaka 2014 kumbukumbu za safari milioni 173 za teksi za New York zilitolewa, namba za magari zikiwa zimefichwa kwa njia dhaifu. Haukupita muda zikafumbuliwa, na baadhi ya safari zikahusishwa na watu wanaojulikana waliopigwa picha wakiingia kwenye teksi. Njia ni ya umma, mwendo wa mtu mmoja mmoja si wa umma, na katalogi ikubali ya kwanza tu. Lipo na jambo la pili, lililoelezwa na msomi James Scott katika kitabu chake cha mwaka 1998: dola huona kile kilichochorwa, na ikikiona inaweza kukitoza kodi au kukiondoa kwa urahisi zaidi. Waendesha matatu au daladala wana haki ya kuuliza kabla ya kurekodiwa ramani hiyo itasomwa na nani.

Linabaki suala la kufunga. Msimamizi anapokosa uwezo wa kuendelea, kufuta rekodi ni vibaya kama kuiacha idanganye. Kinachotakiwa ni kuandika tarehe ya mwisho ya kuaminika, kutaja aliyerithi kazi kama yupo, na kuacha matoleo ya zamani yapakuliwe chini ya kitambulisho kilekile. Mtafiti wa kesho atakayetaka kujua magari ya Eastlands, Nairobi, yalipita wapi mwaka 2014 atahitaji faili hiyo kama ilivyokuwa, ikiwa na tarehe yake.