Bunduki Isiyo na Kitako

Marekani wapo wanaoipenda bunduki fupi iitwayo Mare's Leg, na asili yake si vitani wala porini bali kwenye televisheni. Mwaka 1958 kituo cha CBS kilianza kuonyesha tamthilia ya Wanted: Dead or Alive, ambamo Steve McQueen aliigiza msaka wahalifu mwenye Winchester 1892 iliyokatwa mtutu na kitako ili ining'inie pajani. Mkanda wake ulijazwa risasi ndefu za .45-70 kwa kuwa zilipendeza kwenye kamera, ingawa bunduki ile haikuweza kuzitumia. Sura ilitangulia kazi tangu mwanzo, na anayetaka kuirekebisha silaha hii leo aanze kwa kuukubali ukweli huo.

Bila kitako, bega halisaidii chochote. Kila baada ya risasi moja unashusha wenzo chini ya mpini na kuupandisha ili ganda litoke na risasi nyingine iingie, na katika kufanya hivyo mdomo wa bunduki unayumba. Pete kubwa ya wenzo inamfaa mwenye glavu nene. Ukiizungusha kwa mbwembwe, mdomo huo unaelekea kila upande, hata kwa aliyesimama nyuma yako. Dawa iliyo wazi ni kurudisha kitako, lakini hapo sheria inaingia. Sheria ya shirikisho ya 1934, kama ilivyo sasa, inataka bunduki ya begani yenye mtutu chini ya inchi 16 isajiliwe kwanza. Kampuni za Henry na Rossi zimeziuza bunduki hizi fupi kama bastola, si kama bunduki za begani. Mnunuzi akiifungia kitako bila kibali, ametenda kosa hata kama alitaka tu kulenga vizuri.

Wengine watasema mali ni yake, na mbona magari yanapambwa? Kwa ngozi ya ala na nakshi za mbao, nakubaliana nao kabisa. Ufundi huo ni mzuri na haumdhuru mtu. Ila risasi iliyopotea hupenya ukuta wa jirani ambaye hakuulizwa. Kwa hiyo kila badiliko linalogusa kushika, kulenga au kufyatua si la mwenye silaha peke yake. Anayehitaji kulenga sawasawa anunue Winchester ya kitako kizima, ambayo mafundi waliiunda kwa kazi hiyohiyo, na ile fupi aihifadhi kwenye kabati lenye kufuli.