Hanania Alisema Miwili, Yeremia Akasema Sabini

Hapa Bigo, kama katika kartie nyingine za Bunia, Yeremia 29:11 ni mstari ambao Wakristo wengi wanaujua kwa moyo. Unasomwa arusini, unasomwa matangani, unasomwa kwenye maombi ya alfajiri kabla wamama hawajaenda sokoni. Ndipo Mungu anapowaahidi watu wake amani na siku njema za mbele.

Mstari unaoutangulia hausomwi sana. Huo unataja miaka 70. Maneno yale yalikuwa barua kwa Wayahudi waliohamishwa kwa nguvu mpaka Babeli, na mtu wa miaka 40 aliyeisikia ikisomwa alijua kwamba yeye harudi; atazikwa ugenini. Sura moja nyuma yuko nabii mwingine, Hanania, aliyesimama hekaluni akatangaza kwamba yote yatakwisha ndani ya miaka miwili. Bila shaka wengi walimpenda zaidi Hanania. Alikufa mwaka uleule, na watu wakabaki Babeli.

Sisi wa Ituri, jimbo letu hapa mashariki mwa Kongo, tunajua uzito wa tarehe. Vita vya hapa vilianza mwaka 1999. Mei 2021 serikali iliweka jimbo chini ya utawala wa kijeshi kwa siku 30. Zikaongezwa, zikaongezwa tena, na tena. Kwa hiyo mhubiri anapomwambia mama aliyekimbia Djugu kwamba mwezi ujao atarudi shambani kwake, mimi naumia. Mama huyo amekwisha kusikia tarehe nyingi. Mwezi ukipita bure, lawama haimpati mhubiri; inamrudia mama, kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Huo ni ukatili, hata ukisemwa kwa upole na kufuatwa na wimbo. Na wapo wanaotoa sadaka kama wanaoweka likelemba, ule mchango wa kupokezana kwa zamu: nimeweka, nimeweka tena, sasa zamu yangu ifike. Likelemba ni kitu chema, lakini Mungu hakutuahidi zamu.

Alituahidi nini basi? Kusini mwa Bunia iko Boga, ambako Apolo Kivebulaya, mwinjilisti kutoka Buganda, alifika mwaka 1896. Chifu Tabaro alimkataa. Apolo alipigwa vibaya. Kisha dada yake chifu akaangukia mkuki akafa, na Apolo akashtakiwa kwa kifo hicho, akapelekwa Toro, akafungwa. Katika dhiki za siku hizo, kama alivyosimulia baadaye, Kristo alimtokea akamtia moyo kwamba yuko pamoja naye. Ahadi ilikuwa hiyo tu. Hakutajiwa siku ya kufunguliwa wala hakuhakikishiwa kwamba hatapigwa tena. Alipoachiwa alirudi Boga kwa watu walewale, na Tabaro mwenyewe akaja kubatizwa. Apolo alifariki huko tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, ambako Injili ilikuwa bado haijafika.

Sitaki kuficha yaliyofuata. Usiku wa kuamkia 31 Mei 2021 Boga na Tchabi zilivamiwa, watu zaidi ya 50 wakauawa. Kuna waliolala wakiwa wameomba. Asemaye kwamba ahadi za Mungu ni kinga ya panga na risasi aende kwanza akawaambie wajane wa huko, amalize sentensi yake mbele yao. Mimi siwezi. Ninachoweza kusema ni kwamba Mungu hakuwaacha hata usiku ule, na ninalisema nikijua ni zito.

Barua ya Yeremia haikuwaambia watu wakae wakingoja. Iliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee amani mji uleule uliowashika. Hapo ndipo ninapoiona imani hapa Bigo. Mwalimu anaingia darasani mshahara haujaja. Mama mwenye chumba kimoja na nusu anaongeza maji kwenye sombe kwa sababu shemeji zake wamefika usiku kutoka Irumu. Mzee analipa deni ambalo hakuna aliyeliandika. Na kubwa kuliko hayo yote: Mhema na Mlendu wanaachiana watoto walindwe, katika mji ambao Mei 2003 watu waliuawa barabarani kwa kabila lao. Kila mmoja wa hawa anatenda kana kwamba amani iliyoahidiwa ni ya kweli, ingawa huenda asiione. Waebrania 11 inawasifu watu wa namna hiyo, waliokufa wakiwa wameiona ahadi kwa mbali tu.

Ndugu wachungaji, nanyi viongozi wa vikundi vya maombi, nawasihi: msimpe mkimbizi tarehe. Someni naye sura nzima, pamoja na ile miaka 70. Kisha muulizeni watoto wamekula nini jana, na ada ya shule imebaki kiasi gani, na mwanze kuchanga hapohapo kabla ya kufunga kwa sala.