Fedha za Watu Wote Mkononi mwa Mbunge

Yako maneno yaliyozoeleka sana huko Kenya: "Mbunge wetu ametujengea shule." Wasemao hivyo si waongo, maana shule ipo na watoto wamo ndani. Lakini yafaa tuulize, ni nani hasa aliyeijenga?

Mwaka 2003 Bunge la Kenya lilitunga sheria kwamba kila mwaka sehemu ya mapato ya kawaida ya serikali, isiyopungua asilimia 2.5, igawiwe majimbo yote ya uchaguzi kwa kazi za maendeleo. Mbunge ndiye aliyepewa kuiunda halmashauri ya kuchagua kazi hizo katika jimbo lake.

Mema ya sheria hiyo hayakanushiki. Robo tatu ya fedha ziligawanywa sawasawa kwa kila jimbo, na robo iliyobaki kwa kuangalia umaskini, hata jimbo lisilo na mkubwa serikalini likapata fungu lake. Vijiji vya mbali vilipata madarasa na zahanati, na watoto wa maskini walilipiwa karo. Nani atalaumu hayo?

Lakini mbunge amechaguliwa atunge sheria, tena aangalie jinsi serikali itumiavyo fedha za watu. Akiwa yeye mwenyewe mgawaji, ni nani atakayemwangalia? Mpishi akiwa ndiye mpakuzi, na tena ndiye mwenye kuhesabu bakuli, wenye njaa watamshtaki kwa nani? Mwaka 2013 ilitungwa sheria mpya ya mfuko huo, na mwezi wa Agosti 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria hiyo ilipingana na Katiba, kwa kuwa ilichanganya kazi ya Bunge na kazi ya serikali.

Liko na dhara la pili, nalo ni la moyoni. Kodi aliyoitoa baba humrudia kama zawadi ya karo, naye huilipa zawadi hiyo kwa kura yake. Hivyo mwenye mali amegeuka mwombaji mlangoni pake mwenyewe. Na wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Basi, kwa maoni yangu, shule ni njema, bali deni la shukrani ndilo baya. Akaguaye asigawe, na agawaye akaguliwe. Na siku darasa jipya lifunguliwapo, kabla ya vigelegele, wazee na waulize: Limegharimu kiasi gani, na hesabu yake iko wapi?