Mwenyeji Mbele ya Laga

Msimu wa mvua, anayeendesha gari kutoka Marsabit kurudi kwake Kalacha au North Horr hukutana na swali gumu kuliko matope: kuwa mtu wa mahali kunampa haki gani juu ya mahali hapo? Wengi tunadhani kwamba kunampa haki ya kupita. Njia ni yake, laga, yaani mito ya msimu, anazijua kwa majina, na kwao ni pale ng'ambo tu. Mimi naona kinyume. Jangwani, uenyeji ni kukubali kwamba siku ya kufika haipangwi na anayerudi, na anayelazimisha gari majini kwa kuwa amekaribia kwake amejifanya mgeni.

Itazame laga yenyewe. Miezi mingi ni mchanga mtupu ambamo watu huchimba visima na kunywesha ngamia. Mvua ikipiga milimani, mbali na hapo, ardhi ngumu hainywi kitu. Maji hukusanyika na kuteremka ghafla huku aliye bondeni jua linamchoma utosini. Yakifika sentimita 30 huweza kuinua gari dogo. Yakifika 60 na kwenda kasi, hata pikapu hubebwa. Jangwa la Chalbi nalo wakati wa kiangazi ni uwanda mgumu wa chumvi ambao malori huukata kwa mwendo wa lami. Ikinyesha, udongo uleule humeza magurudumu hadi ekseli, na utingo hushinda na sepetu mkononi.

Atasema mtu: mwenyeji anakijua kivuko. Ndiyo, anakijua cha jana. Mafuriko huchota mchanga hapa na kuurundika kule, na shimo jipya halionekani chini ya maji ya tope. Ujuzi wake wa kweli, ule aliorithi kwa wazee, ndio unaomwambia azime injini, maana mara nyingi laga hupungua baada ya saa chache. Kinachomsukuma kuvuka ni mazoea yaliyovaa nguo za ujuzi. Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, pengine walimfikiria pia abiria mwoga aliye wa kwanza kuomba gari lisimame.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kungoja ni anasa. Mwanamke mwenye uchungu wa kujifungua haambiwi maji yatapungua jioni. Hapo sina hoja ya uvumilivu, wala sitaki kuwa nayo. Wanaosafiri kwa lami kati ya Isiolo na Moyale hawakujaliwa subira kuliko watu wa Chalbi. Wao walijengewa barabara na madaraja. Magharibi ya Marsabit, deni la barabara na madaraja yasiyojengwa bado hulipwa na kila msafiri peke yake, na kuwasifia wafugaji subira bila kulitaja ni kuwatwisha fadhila ambayo wengine wamesamehewa.

Hata hivyo, mfano wa mama huyo hauutetei uenyeji. Angekuwa mgeni aliyeingia juzi, dai lake lisingepungua hata chembe, kwa sababu linasimama juu ya uhai unaoning'inia. Kwao kuwa ng'ambo hakuongezi kitu. Dereva aliyebeba magunia ya sukari hana dai hilo, hata kama amezaliwa hatua mia kutoka ukingo ule.