Unafuu wa Likizo ya Misri Utoke Wapi?

Mwanzoni mwa 2022 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa karibu pauni 16 za Misri. Tarehe 6 Machi 2024 benki kuu ya nchi hiyo iliachia soko lipange thamani ya sarafu, na siku hiyohiyo dola ikaruka kutoka pauni 31 hadi karibu 50. Kwa mkazi wa Nairobi au Dar es Salaam anayetamani kuziona piramidi za Giza na mahekalu ya Luxor bila kuingia deni, hiyo ni habari njema. Wamisri waliipokea vingine. Mfumuko wa bei kwao ulikuwa umeshafika asilimia 38 Septemba 2023, na Juni 2024 serikali ikapandisha bei ya mkate wa ruzuku, tegemeo la mamilioni ya familia, kutoka piasta 5 hadi 20, baada ya miaka zaidi ya 30 bila kuguswa. Kilichomrahisishia mgeni safari ndicho kilichombana mwenyeji. Kwa hiyo msafiri mwenye fedha kidogo ana haki ya kutafuta unafuu, ila autafute katika mipango yake mwenyewe, asiutafute mfukoni mwa anayemhudumia.

Tazama kwanza fedha zinaishia wapi. Kwa anayetoka Afrika Mashariki, mzigo mkubwa mara nyingi ni tiketi ya ndege, kisha malazi, kisha viza na viingilio. Karibu yote hayo huamuliwa kabla mtu hajafunga begi, na hapo ndipo penye akiba ya kweli. Luxor na Aswan hujaa watalii kuanzia Oktoba hadi Aprili, na kilele ni sikukuu za mwisho wa mwaka. Julai na Agosti vyumba hushuka bei, lakini joto hupita nyuzi 40. Anayezikwepa sikukuu za mwisho wa mwaka na kwenda Novemba au Februari hufaidi hali nzuri ya hewa bila msongamano wa kilele. Idadi ya miji nayo ina uzito: anayetaka Cairo, Alexandria, Luxor, Aswan na fukwe za Bahari ya Shamu ndani ya wiki moja atalipia zaidi barabara na viwanja vya ndege kuliko atakavyolipia kuona. Cairo na Luxor pekee zinatosha kuijaza wiki hiyo. Treni ya usiku kati ya miji hiyo, safari ya zaidi ya kilomita 600, humwondolea mtu gharama ya chumba cha usiku mmoja. Cairo ina metro tangu 1987, ya kwanza barani Afrika, na nauli yake imepangwa kwa ajili ya wananchi wa kawaida. Luxor kuna kivuko cha umma kinachovusha watu Nile kwenda ng'ambo ya magharibi, upande wa Bonde la Wafalme. Na sahani ya koshari, yaani wali, dengu, makaroni na vitunguu vya kukaanga, hushibisha kwa bei anayoimudu kibarua wa Cairo.

Sasa linganisha akiba hiyo na ile ya kumbana mwenye mkokoteni wa farasi, nahodha wa feluka, mashua ya tanga ya Nile, au kijana anayebeba mizigo. Kubadilisha tarehe ya ndege kunaweza kuokoa fedha nyingi kuliko ubishi wa wiki nzima na watu hao. Kwa mgeni, tofauti ya pauni 50 ni takriban dola moja. Kwa mwenye mkokoteni ni sehemu ya chakula cha jioni, na farasi wake anakula kila siku, mgeni awepo asiwepo. Akiba ndogo namna hiyo, inayomuumiza mwingine kiasi hicho, haistahili kuitwa busara ya matumizi.

Wapo watakaosema kupatana bei ni desturi ya soko, na kwamba asiyebishana katika soko la Khan el-Khalili la Cairo ni sawa na asiyebishana Kariakoo ya Dar es Salaam: atachekwa na kupunjwa. Ni kweli, na sitetei kulipa ovyo. Mgeni anayemwaga fedha hupandisha bei hata kwa wenyeji, na huweza kumshawishi mtoto aone kuwafuata watalii kunalipa kuliko shule. Lakini kupatana kuna mwisho wake: bei ambayo wote wawili wanaweza kuondoka nayo bila kinyongo. Shali au sahani ya shaba mwenye duka anaweza kuirudisha rafuni akasubiri mteja mwingine. Kibarua hawezi kuirudisha siku yake iliyopita. Basi ujira wa mtu upatanwe kabla kazi haijaanza, kisha ulipwe kama ulivyosemwa.

Hoja nzito zaidi ni kwamba sisi nasi si matajiri, na kwamba Misri inatutoza viingilio vya kigeni vilivyo juu kuliko vya raia. Kuhusu viingilio, Serengeti na Maasai Mara hufanya vivyo hivyo, nasi huona ni haki, kwa kuwa raia ameshachangia kupitia kodi. Anayesoma achukue kitambulisho cha mwanafunzi kinachotambulika kimataifa, maana sehemu nyingi za kale humpunguzia nusu. Kuhusu umaskini wetu, shilingi ya Kenya ilifika karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, na kila aliyenunua mafuta na unga wakati huo anajua sarafu ikianguka nani huumia kwanza. Ujuzi huo unatupa wajibu mkubwa zaidi, kwa sababu hatuwezi kudai kwamba hatukujua.

Wala jibu si kubaki nyumbani. Mapato ya Misri kutoka Mfereji wa Suez yalipungua kwa zaidi ya nusu mwaka 2024 baada ya mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu, na hilo likaongeza uzito wa fedha za watalii. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni asiyefika. Basi anayepanga safari hii aanze bajeti kwa fungu la watu watakaomhudumia: dereva, nahodha, msafisha chumba, mwongozaji. Kisha aweke ndege, malazi na viingilio. Hesabu ikizidi uwezo, apunguze siku moja, mji mmoja au nyota moja ya hoteli. Ikiwa hata hapo ujira wa watu hao haujapata nafasi, fedha za kwenda Misri bado hazijatimia, na safari ingoje mwaka mwingine.