Mungu Yumo Hata Katika Maji Yanayohesabika

Hapa Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja, anayejua tarehe ya mwezi wa Kiislamu anaijua na bahari. Tarehe mosi hadi tatu ni bamvua, na kumi na tano hadi kumi na saba ni bamvua tena. Tarehe saba na ishirini na mbili ni maji mafu. Siku za bamvua maji hukauka kuelekea mwambani mnamo saa nne asubuhi, na kinamama wa mwani huteremka na kamba na vigingi vyao. Kila siku inayofuata maji huchelewa kama dakika 50. Kati ya maji kujaa na maji kupwa, bamvua hufikia kama mita nne za kimo, na maji mafu hurudi kwenye mita moja hivi. Mimi ni mwalimu wa madrasa na mtoto wa mvuvi wa ngalawa. Hesabu hii niliijua kabla sijahitimu Juzuu Amma.

Msimu wa kusi uliopita, baada ya sala ya alasiri, niliwasomea wavuvi barazani taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa: upepo wa kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayozidi mita mbili, tahadhari kwa Unguja na Pemba. Kijana mmoja niliyemfundisha mwenyewe akasema kwa adabu, "Maalim, si mvua na upepo ni katika ghaibu? Sura Luqman imekata shauri. Wanaotabiri kesho si wanaingilia kazi ya Mwenyezi Mungu?"

Nahodha mmoja mzee akamwuliza, "Mwanangu, kesho maji yanajaa saa ngapi?"

"Saa kumi jioni, babu."

Mzee akanyamaza. Aliona swali limetosha.

Mimi sikuona limetosha, maana kijana yule hakusema upuuzi. Aya aliyoitaja ni nzito, na hofu yake ni hofu ya mcha Mungu. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba ameigawa bahari mafungu mawili: fungu linalohesabika ameliacha lijiendee lenyewe, na lisilohesabika ndilo amemwekea Mungu. Basi kila kinapoongezeka kipimo kimoja baharini au chombo kimoja angani, fungu la Mungu linapungua. Imani ya namna hiyo lazima iogope elimu, na mwenye kuiogopa elimu huishia kuwachukia wanaoijua.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliona hili mapema. Katika Tahafut al-Falasifa, kitabu alichokiandika kuwapinga wanafalsafa, anaonya kwamba anayepinga hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi kwa kudhani anaitetea dini, anaidhuru dini. Hesabu zile zina hoja zisizo na shaka, na mtu akiambiwa zinapingana na sharia, ataitilia shaka sharia. Na Mtume wetu mwenyewe, jua lilipopatwa siku aliyofiwa na mwanawe Ibrahim, aliwakataza watu wasiseme limepatwa kwa msiba ule. Kisha akasimama akasali. Jambo linaloweza kuhesabiwa miaka mingi kabla lina sala yake mahususi mpaka leo. Sioni hoja iliyo wazi kuliko hii.

Tena watabiri wa hali ya hewa hawadai ghaibu. Wanaangalia wingu lililokwisha kuumbwa na mgandamizo wa hewa uliokwisha kushuka, wanasema linalotarajiwa. Maji kupwa na kujaa yanafuata mwezi na jua, ndiyo maana jedwali lake huchapwa mwaka mzima mbele. Upepo una sababu nyingi mno zinazosukumana, na kosa dogo la kipimo cha leo hukua kila siku inayopita. Taarifa ya siku tatu huaminika, ya mwezi mzima haina uzito huo. Hapo elimu yenyewe inakiri mpaka wake. Aliyeupa mwezi mwendo wa kuhesabika ndiye aliyeupa upepo mwendo mgumu kuukamata, na yote mawili ni amri yake.

Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifuatiliwa kikiwa bado baharini, na boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa kabla hakijafika pwani ya Mafia. Watu wa 1872 hawakuwa na imani pungufu kuliko sisi. Walikosa habari. Sisi tunazo, na tutaulizwa tulizifanyia nini.

Hapa ndipo ninapotaka nisikilizwe. Septemba 10, 2011 meli ya Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa na watu kupita kiasi. Julai 18, 2012, kusi likiwa limepamba moto, Skagit ikazama karibu na Chumbe. Matangani tulisema ni kudra ya Mungu, na kwa mjane aliyekaa eda neno hilo ni kweli na ni rehema. Lakini neno hilohilo likitoka kinywani mwa aliyepakia chombo kupita kiasi, au aliyeng'oa nanga ilhali ameonywa, ni kumsingizia Mungu kazi ya mikono yake. Kadari haimwondolei mtu hesabu yake. Tawakali ya nahodha huanza baada ya kuisoma taarifa, kuhesabu abiria na kukagua maboya. Akiyaacha hayo akasema inshallah, amelitumia jina la Mungu kuficha uzembe.

Nawaomba makhatibu wa Jambiani, Makunduchi, Nungwi, Mkoani na pwani nzima: Ijumaa za kusi, kabla hamjapanda mimbari, waulizeni wavuvi wenu kama wameisikia taarifa ya hali ya hewa. Kama hawajaisikia, wasomeeni hapohapo msikitini.