Farasi Mwenye Mbawa na Gari la Vita Lisilokuwapo

Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, aliporejea kutoka safari ya Tabuk, au ya Khaibar kwa shaka ya mpokezi, aliingia nyumbani kwa Bibi Aisha, na upepo ukafunua pembe ya pazia lililositiri vitu vyake vya kuchezea. Na katikati ya wanasesere wale akaona farasi aliyetiwa mbawa mbili za matambara. Akauliza vile vilivyo juu ya farasi ni vitu gani, akajibiwa kuwa ni mbawa. Akastaajabu farasi kuwa na mbawa, na Bibi Aisha akamjibu kwa kumkumbusha farasi wa Nabii Suleiman, waliokuwa na mbawa. Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana.

Habari hii hunijia kila nitazamapo kazi ya watu fulani wa zama zetu, wengi wao watu wazima wenye ajira na familia, ambao hutumia saa zao za usiku kuunda na kupaka rangi magari madogo ya vita ambayo hayakupata kuwako duniani: vifaru vya sayari za mbali, magari ya deraya yaeleayo juu ya ardhi bila magurudumu, mizinga itoayo mwanga badala ya risasi. Je, kazi hiyo ni sanaa ya halali, au ni upuuzi ulao umri wa mtu, au ni jambo zito kuliko hayo mawili, yaani kuifanya damu kuwa pambo la meza?

Magari hayo hutokana na mchezo wa vita juu ya meza, nao si mtoto wa jana. Jeshi la Prussia liliupokea mwaka 1824 kutoka kwa ofisa mmoja aitwaye Reisswitz, likautumia kufunzia maofisa wake. Na mwaka 1913 mwandishi wa Uingereza H. G. Wells alitoa kitabu kiitwacho Little Wars, ambamo aliwafundisha watu wazima kupigana sakafuni kwa askari wa madini ya risasi na mizinga midogo ya springi irushayo vijiti. Mwaka 1987, huko huko Uingereza, kampuni ya Games Workshop ikatoa mchezo uitwao Warhammer 40,000, ambao vita vyake vimewekwa miaka makumi ya maelfu mbele yetu, na tangu hapo fani ya kuunda magari ya namna hiyo imeenea katika nchi nyingi.

Gari huja likiwa vipandevipande vya plastiki vilivyoshikamana na fremu. Fundi huvikata kwa koleo ndogo, akakwangua kwa ncha ya kisu alama zilizoachwa na kalibu, akapiga msasa, kisha akaviunga kwa gundi iyeyushayo plastiki kidogo hata vipande viwili vikawa kimoja. Hupuliza rangi ya kwanza, aghalabu nyeusi, ili zile za juu zishike. Hupaka rangi ya bodi. Halafu huchovya brashi, akaifuta kwenye kitambaa mpaka ikakaribia kukauka, akaipitisha juu ya kingo tu, ili kingo zionekane kupigwa na mwanga. Na katika mifereji na kandokando ya misumari hutiririsha rangi nyeusi iliyozimuliwa mno, ambayo hutulia mle ndani ikawa kivuli. Na mwisho kabisa, baada ya taabu yote hiyo ya kulifanya gari lipendeze, huchukua kipande kidogo cha sponji, akakichovya katika rangi ya kahawia, akakigongagonga kwenye pembe za bodi, ili mtazamaji adhani kwamba rangi imebanduka na chuma kimeshika kutu. Nitarudi kwenye sponji hiyo.

Wala asidhani msomaji kwamba mambo haya ni mageni kabisa kwetu Tanga. Mtoto wa Ngamiani au wa Pangani akatapo dumu la mafuta kwa kisu kibovu, akalitia magurudumu ya ndala zilizokatika, akachonga behewa kwa mlingoti wa mkonge ulio mwepesi na laini, akafunga usukani kwenye ufito mrefu ili asiiname aendeshapo, yeye naye ni muundaji. Huanza kwa kuiga lori aliloliona. Lakini mtazameni vizuri, maana baada ya kumaliza lori huongeza taa sita zisizokuwako katika lori lolote, na antena mbili, na bawa. Tofauti kati yake na yule mtu mzima wa Ulaya ni umri na bei ya gundi.

Katika jambo la taswira, sisi watu wa pwani, ambao wengi wetu hufuata madhehebu ya Imam Shafi, tumelelewa kwa tahadhari kubwa. Na nadhani ni kwa sababu hiyo ustadi wa mafundi wetu ulielekea kwenye milango ya nakshi, mikeka ya rangi na kofia zishonwazo kwa mkono, usielekee kwenye sanamu. Lakini tahadhari hiyo ina mipaka iliyo wazi. Imepokewa na Bukhari kwamba mtu mmoja ambaye riziki yake ilitoka katika kazi ya picha alimwendea Ibn Abbas kutaka fatwa, naye, baada ya kumwonya kwa hadithi iliyo nzito, alimwelekeza kwenye miti na kila kitu kisicho na roho. Gari, liwe la kweli au la kubuni, halina roho, wala muundaji wake hadai kushindana na Muumba. Taabu huanzia kwenye kifuniko cha juu, ambako watengenezaji hupenda kumtokeza jemadari mpaka kiunoni, darubini mkononi. Na fundi mwenye wasiwasi wa dini anayo njia sahali, nayo ni kukifunga kifuniko hicho kwa gundi.

Dadu zitupwazo katika mchezo huo ni habari nyingine. Mafakihi wa madhehebu yetu, katika kauli iliyo mashuhuri, waliihesabu sataranji kuwa makuruhu isipokuwa ikiingia kamari au ikimpotezea mtu sala, na nardi, yaani bao la dadu, wakaiharimisha, kwa kuwa ya kwanza huendeshwa na fikira na ya pili huendeshwa na dadu. Na michezo hii ya magari ya kubuni huendeshwa na vyote viwili pamoja. Mimi si mufti. Natambua tu kwamba watu wengi huunda na kupaka rangi bila kucheza kabisa, na kwa hao mlango wa nardi haugongwi.

Linalonishughulisha zaidi ni swali la uongo. Mtu wa dini aweza kuuliza: ni haki gani kutumia vipaji alivyopewa mwanadamu katika kusimulia vita ambavyo havikutokea, kwa vyombo ambavyo havipo? Swali hili pwani yetu imekwisha kulijibu kwa vitendo, kabla ya plastiki kuvumbuliwa. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo bin Athumani mwaka 1728, husimulia mapambano makali kati ya Waislamu na majeshi ya Herekali, mfalme wa Warumi, ilhali wanahistoria wamekubaliana kwamba katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 wa Hijra, mapigano na Warumi hayakutokea. Watu wacha Mungu waliunakili utendi huo na kuusoma, na wasikilizaji wakalia machozi kwa mashujaa walioanguka katika vita visivyopiganwa. Na tazama ajabu: safari hiyo hiyo ya Tabuk ndiyo ambayo, kwa moja ya kauli mbili za mpokezi, Mtume alirejea kutoka kwayo akamkuta farasi wa matambara.

Nasi watu wa Tanga hatuna udhuru wa kuidharau khayali. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, akawa karani wa serikali ya kikoloni muda mrefu wa maisha yake, alitoa mwaka 1951 kitabu cha Kusadikika, ambacho nchi yake imening'inia angani na wajumbe wake wametumwa pande sita za ulimwengu. Na hakuna msomaji aliyemwita mwongo, kwa sababu mwongo hutaka asadikiwe, naye mwandishi huyu, kwa jina tu la nchi yake, alikwisha kutuonyesha kwamba alijua alitendalo. Farasi wa Bibi Aisha hakumdanganya mtu. Gari la sayari ya mbali halimdanganyi mtu pia. Na ningethubutu kusema kwamba lina unyofu kuliko picha nyingi za vita zilizopigwa kwa kamera.

Yupo atakayenirudi hapa kwa hoja yenye nguvu. Wells huyo huyo wa michezo ya sakafuni aliandika mwaka 1903 hadithi ya magari makubwa ya chuma yavukayo mahandaki na kuwashinda askari wa miguu. Na mwezi Septemba 1916, huko Somme nchini Ufaransa, vifaru vya kweli vilitokea uwanjani kwa mara ya kwanza. Basi khayali ya vita haikubaki khayali. Hoja hii siwezi kuibatilisha, ila naipunguza: waliounda vifaru walisukumwa na mahandaki, seng'enge na bunduki za rashasha zilizokuwa zikiwamaliza watu wao, na vitu hivyo vingekuwako hata kama Wells asingeshika kalamu.

Sasa nirudi kwenye sponji. Mpaka hapo fundi alikuwa akiunda chombo. Anapogonga kutu na masizi na tundu za risasi, anaunda historia ya chombo, yaani anatuambia kwamba gari hili limepita mahali ambapo watu waliumia. Athari ipo, walioathirika hawapo. Mimi nimeona kazi za namna hii ambazo ustadi wake unatisha, bodi iliyoungua upande mmoja tu, matope yaliyokaukia kwenye minyororo, mchirizi wa mafuta uliofuata mwelekeo wa mteremko. Na kadiri ustadi ulivyozidi ndivyo nilivyozidi kuuliza alikuwa nani ndani ya gari lile. Kwa vita vya mwaka 40,000 jibu ni jepesi: hakuwamo mtu. Hakuna mjane wa kudai, wala kaburi la kuzuru.

Lakini wapo pia wachezao vita vilivyokwisha kupiganwa, na miongoni mwa vita hivyo vimo vya mji wetu. Mnamo Novemba 1914 kikosi cha Waingereza kilichotoka Bara Hindi, watu wapatao 8,000 chini ya Jenerali Aitken, kilishuka Ras Kazone ili kuutwaa mji wa Tanga, na baada ya mapigano ya tarehe 4 kikarudi melini kimeshindwa na jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck lisilozidi sana watu 1,000, ambalo sehemu yake kubwa ililetwa kwa reli ya Usambara. Waliouawa, kujeruhiwa na kupotea upande wa Waingereza walizidi 800. Wakaacha nyuma bunduki kwa mamia, bunduki za rashasha 16 na risasi zipatazo 600,000. Wageni hupenda kusimulia nyuki, ambao kweli walichokozwa na risasi mitini wakawashambulia watu wa pande zote mbili, hata jina la Vita vya Nyuki likashika. Na mezani nyuki huwa kanuni moja ya kuchekesha, tupa dadu, kikosi kirudi nyuma hatua kadhaa.

Hapo ndipo kicheko changu hukoma. Katika meza hiyo utawakuta askari wa Kihindi waliopakwa rangi kwa uangalifu mpaka kwenye mikunjo ya vilemba, utawakuta askari wa Kiafrika wa Mdachi na kofia zao, na manowari Fox ikingojea bandarini. Ambaye humkuti ni mpagazi. Kampeni iliyofuata, miaka minne mizima kutoka pwani hii mpaka Msumbiji na Rhodesia, ilikwenda kwa vichwa na mabega ya wapagazi waliochukuliwa vijijini, ambao makumi ya maelfu kati yao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Na mtaa wa Kariakoo wa Dar es Salaam umebeba hadi leo jina la kikosi chao cha upande wa Waingereza. Mchezo huwasahau kwa sababu ya kiufundi tu: kanuni zake hazina haja nao, maana risasi mezani hazina uzito na unga haubebwi. Hata hivyo, usahaulifu wa kiufundi huzaa picha ya uongo, tena uongo ule utakao kusadikiwa, kwa kuwa meza hiyo hudai kuwa ni Tanga yenyewe.

Kwa hiyo hukumu yangu imekuja kinyume cha nilivyotarajia nilipoanza kulitafakari jambo hili, nilipodhani kwamba chombo cha kweli kina heshima na cha kubuni ni upuuzi. Naona sasa kwamba fundi wa magari yasiyokuwapo yu karibu zaidi na farasi wa Bibi Aisha, na kazi yake, maadamu haimpotezei sala wala haki za watu wa nyumbani kwake, ni halali isiyo na deni kwa maiti yeyote. Ama yule atakaye kuiweka Tanga ya 1914 juu ya meza, namsihi aanze kwa wapagazi: awapake rangi mmoja mmoja, na mizigo yao, kabla hajagusa bunduki hata moja, na akiona kazi hiyo inamchosha, aiache Tanga, arudi kwenye sayari zake za mbali.